UZI: Kitabu cha De Witte juu ya kuuawa kwa Lumumba, kikisomwa hapa Lubumbashi

MWANA WA KAMALONDO (mwanzisha uzi)

Salamu kwenu wote, wa hapa mujini na wa mbali.

Kuna kitabu ambacho wengi kwetu wanakitaja na wachache wamekifungua: kile cha Ludo De Witte, Mbelgiji wa upande wa Waflamandi, juu ya kuuawa kwa Patrice Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza. Kilitoka kwa Kiholanzi mwaka 1999, mwaka uliofuata kikatoka kwa Kifaransa. Nakala niliyosoma mimi ni fotokopi iliyobandikwa gundi mgongoni, imepita mikono mingi, na katika kurasa za katikati mtu amepiga mstari kwa bik nyekundu chini ya kila jina la Mbelgiji. Kila jina. Chini ya majina ya watu wetu hakupiga mstari hata mmoja.

Huyo mwenye bik nyekundu ndiye aliyenifanya nifungue uzi huu. Alisoma kama kitabu kinavyotaka asome. Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili anayetaka kupinga asihangaike: De Witte yuko sawa juu ya Wabelgiji, tena ushahidi wake ni mzito. Lakini wakubwa wa Katanga, jimbo letu lililojitenga na Kongo mwaka 1960, amewatua mzigo uliokuwa wao. Amewafanya vibaraka kiasi kwamba ukimaliza kusoma unakaribia kuwahurumia.

Tuanze na kile anachokifanya vizuri. Kabla yake hadithi ya Ubelgiji ilikuwa kwamba Wakongo waliuana wao kwa wao, na wazungu walikuwa pembeni wakitikisa kichwa. Mwaka 1991 Jacques Brassinne, ambaye mwenyewe alikuwa kazini Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, wakati ule, alitoa kitabu pamoja na Jean Kestergat kikielekea huko huko: uamuzi ulikuwa wa Wakatanga. De Witte akaingia kwenye maktaba ya nyaraka za serikali akatoka na teleksi. Ile ya tarehe 6 Oktoba 1960, kwa mfano, ambamo waziri wa mambo ya Afrika, Harold d'Aspremont Lynden, anaandika kwamba lengo kuu ni kumwondoa Lumumba moja kwa moja. Na ile ya tarehe 16 Januari 1961, waziri huyo huyo akisisitiza Lumumba apelekwe Katanga haraka. Siku iliyofuata alikuwa Luano, uwanja wa ndege wa hapa kwetu.

Kitabu hicho kilitikisa mpaka bunge la Ubelgiji likaunda tume. Novemba 2001 tume ikasema baadhi ya mawaziri na watu wengine wa Ubelgiji wanabeba wajibu wa kimaadili kwa mazingira yaliyoleta kifo kile. Februari 2002 Louis Michel, waziri wa mambo ya nje, akaomba radhi. Vitabu vingapi vya historia vinaweza kujisifu hivyo?

Naendelea.

MWANA WA KAMALONDO

Sasa ile jioni. Hapa kitabu kinakuwa cha kwetu kabisa, maana kila hatua ni mahali unapopafahamu.

Lumumba na wenzake wa siasa, Maurice Mpolo na Joseph Okito, walitolewa kambi ya Thysville, yaani Mbanza-Ngungu ya leo, alfajiri ya tarehe 17 Januari 1961. Ndege ndogo mpaka Moanda, kutoka hapo ndege kubwa, DC-4 ya Air Congo. Humo angani askari waliwapiga vibaya sana. Ndege ikatua Luano saa kumi na dakika hamsini jioni. Askari Waswidi wa Umoja wa Mataifa walikuwepo uwanjani, wakaona watu watatu wamefungwa macho wakishushwa kwa vitako vya bunduki. Hawakusogea.

Kutoka Luano hawakuingizwa mujini. Walipelekwa kwenye nyumba ya mzungu mmoja, Brouwez, iliyojitenga karibu na barabara ya uwanja wa ndege. Pale wakapigwa tena, na mawaziri wakaja kuwatazama. Moïse Tshombe, rais wa Katanga, na Godefroid Munongo, Jean-Baptiste Kibwe, Évariste Kimba. Usiku magari yakashika barabara ya Jadotville, yaani Likasi ya leo, kama kilomita 50, mpaka pori la Shilatembo. Wakapigwa risasi mmoja mmoja, mbele ya mti: Okito kwanza, halafu Mpolo, Lumumba mwisho. Saa tatu na dakika arobaini hivi usiku.

Hesabu mwenyewe. Saa tano hazikutimia tangu ndege iguse ardhi. Mtu aliyechaguliwa waziri mkuu wa kwanza wa nchi hii alikanyaga Katanga wakati watu wanatoka kazini, na wakati taa za mwisho zinazimwa makomini alikuwa ndani ya shimo.

Wabelgiji waliokuwa pale shimoni wanajulikana kwa majina: kamishna wa polisi Frans Verscheure, kapteni Julien Gat, luteni Gabriel Michels, brigadia François Son. Kitabu kinawafuata hatua kwa hatua, nani alishika mkono wa mfungwa kumpeleka mtini, nani alitoa amri ya kufyatua. Lakini waliofyatua? Askari na polisi Wakatanga, vikosi vitatu, kimoja kwa kila mfungwa. Hao wamebaki kuwa "askari". Na mawaziri waliosimama wakiangalia kwenye mwanga wa taa za magari wanapita kwenye ukurasa kama wageni walioalikwa.

MGENI WA DAR

Mkuu, nondo tupu hizi. Swali la haraka: CIA nao wako wapi? Huku kwetu tumezoea kusikia ni Wamarekani.

MWANA WA KAMALONDO

@Mgeni wa Dar, wamo, lakini si usiku ule. Septemba 1960 mkemia wao Sidney Gottlieb alileta sumu Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, akamkabidhi Larry Devlin, mkuu wa kituo chao. Haikutumika. Hayo yalitoka mbele ya kamati ya Seneti yao mwaka 1975. Walitaka afe, walimlipa na kumsukuma Mobutu, mkuu wa jeshi, na Lumumba aliposafirishwa kuja huku hawakuzuia. De Witte anawataja kwa kiasi, na nadhani kipimo chake ni sahihi. Uzi huu si wao.

MUTOTO WA LIKASI

Yaya, aksanti kwa uzi. Lakini mi siko upande wako. Tshombe alikuwa na nguvu gani? Jeshi yake, makomanda ni Babelgiji. Polisi, Babelgiji. Falanga, Union Minière, kampuni ya shaba. Kila waziri iko na muzungu wake nyuma ya kiti, anamwandikia barua. Muntu wa namna ile anaamuru nini? De Witte hakumutua mzigo, aliona tu kama alikuwa mubebaji. Mubebaji haulizwe ndani ya sanduku kuna nini.

MWANA WA KAMALONDO

Ndugu yangu wa Likasi, hoja yako ndiyo ya kitabu chenyewe, tena umeisema vizuri kuliko mwandishi. Nikujibu polepole.

Ni kweli, ile serikali ingeanguka kwa wiki moja bila Ubelgiji. Kodi na mirahaba ya Union Minière ilikuwa inaingia Élisabethville badala ya Léopoldville, na bila hiyo hakuna Katanga ya tarehe 11 Julai 1960. Hapo hatubishani.

Lakini uliza swali lingine: Tshombe na Munongo walikuwa na sababu yao wenyewe ya kumtaka Lumumba afe? Walikuwa nayo, tena kubwa, na ilikuwa inawakaribia kwa miguu. Kaskazini Baluba wa BALUBAKAT, chama cha Jason Sendwe, walikuwa wamekataa kujitenga kwao, na jandarmeri, jeshi la Katanga, ilikuwa inachoma vijiji. Januari 1961, siku chache tu kabla ya ile ndege, askari wa upande wa Lumumba kutoka Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, waliingia Manono. Manono ni Katanga. Yaani nusu ya nchi yao mpya ilikuwa inachukuliwa kwa jina la mtu aliyefungwa Thysville. Mtu mwenye vita mlangoni hahitaji mzungu wa kumnong'oneza nani ni adui wake.

Halafu soma hii barua. Oktoba 1960 meja Guy Weber, mshauri wa kijeshi wa Tshombe, aliandika kutoka hapa hapa mujini kwenda kwa watu wa mfalme Baudouin wa Ubelgiji kwamba Tshombe na Mobutu wamekubaliana Lumumba azimwe kabisa, "ikiwezekana kimwili". Tume ya bunge iliishughulikia sana, kwa sababu inaonyesha mfalme alijua na akanyamaza. Sawa, ni aibu ya mfalme. Lakini rudi kwenye sentensi yenyewe. Nani wamekubaliana? Tshombe na Mobutu. Mbelgiji hapo ni karani anayetoa habari. Kila mtu huko Ulaya aliisoma barua ile akimtafuta mfalme. Sisi wa hapa tungepaswa kuisoma tukimtafuta Tshombe.

MUTOTO WA LIKASI

Karani mwenye bunduki, yaya. Usisahau bunduki.

MUKASAI WA BEL-AIR

Mi ni Mukasai, nimezaliwa hapa, babu zangu walikuja kwa kazi ya reli. Nikisoma uzi kama huu naona kila mara mnafika Katanga na kusimama. Mbona hamuwataji wa kwetu? Waliowapiga ndani ya ndege walikuwa askari Baluba wa Kasai. Walichaguliwa makusudi, kwa sababu ya mauaji ambayo jeshi la Lumumba lilifanya Bakwanga, Mbuji-Mayi ya leo, mwezi wa nane 1960. Na wakubwa wawili waliosindikiza, Jonas Mukamba na Ferdinand Kazadi, walikuwa nao Bakasai. Kwanza ilifikiriwa wapelekwe Bakwanga kwenyewe. Nayasema bila furaha, babu yangu alikuwa na picha ya Lumumba ukutani na watu wa ukoo walikuwa wanamwomba aiondoe.

MWANA WA KAMALONDO

Papa, umesema kile ambacho mtu wa hapa akikisema angeitwa mchochezi, ndiyo maana nilingoja mwenyewe akiseme. Kitabu kinayo hayo yote. Na hapo pia naona ugonjwa ule ule: mauaji ya Bakwanga yanapewa nafasi ndogo, kwa sababu yakipewa nafasi yake, hasira ya wale askari itaonekana ni hasira ya watu, si chombo tu cha Brussels. De Witte anampenda Lumumba kupita kiasi kwa mtu anayeandika historia. Sisemi kwamba Lumumba alistahili. Nasema wapo watu waliokuwa wanalilia maiti zao na kumlaumu yeye, na mtu aliyewapakia kwenye ndege ile alijua hivyo.

YAYA MADO WA KATUBA

Mimi sijasoma kitabu, na niseme ukweli, kwa bei yake sitakisoma kesho. Lakini mwaka 2022 nilikuwa barabarani wakati jino la Lumumba lilipita. Jeneza kubwa la mtu mzima, limefunikwa bendera, wanajeshi wanatembea kwa hatua. Mjukuu wangu akaniuliza, "Nkambo, ndani kuna nini?" Nikamwambia jino. Akacheka, akadhani namchezea. Nikakasirika, halafu nikaona mtoto hana kosa. Sasa ninyi mnaosoma nielezeni vizuri: ilikuwaje mpaka likabaki jino?

MWANA WA KAMALONDO

Mama Mado, nitakueleza, ila mjukuu asisome sehemu hii.

Waliwazika pale pale Shilatembo, juu juu tu, usiku. Wakaanza kuogopa kwamba mahali patajulikana. Wakafukua. Kazi akapewa kamishna wa polisi Gerard Soete, naye akamchukua ndugu yake. Walienda na pipa, misumeno na asidi ya salfuri, ile ile ya viwanda vya shaba ambayo mtu yeyote mwenye ndugu kiwandani anaifahamu. Wakakata, wakayeyusha, asidi ilipopungua wakachoma kilichobaki. Kazi ya siku kadhaa, wakinywa pombe ili waweze kuendelea. Soete aling'oa meno akaenda nayo Ubelgiji.

Akakaa nayo miaka karibu 40. Baada ya kitabu cha De Witte kutoka, yule mzee akaonekana kwenye televisheni akieleza na kuonyesha meno hayo kama mtu anayeonyesha medali ya mpira. Akafa mwaka 2000 bila kuguswa. Watoto wa Lumumba walishtaki Brussels mwaka 2011, na mwaka 2016 polisi wakalikamata jino moja kwa binti yake Soete. Ndilo waliloirudishia familia tarehe 20 Juni 2022. Likapita Onalua alikozaliwa, Kisangani, hapa kwetu na Shilatembo, likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni.

Pauline Opango, mke wake, hakuliona. Alifariki Desemba 2014.

MGENI WA DAR

Daah. Na serikali ya Katanga ikatangazaje? Maana mtu kapotea hivi hivi.

MWANA WA KAMALONDO

Hapo ndipo hasira yangu yote ilipo, Mgeni. Uliponiuliza CIA nilikujibu kwa kifupi; hapa univumilie.

Karibu mwezi mzima walisema wafungwa wako salama. Halafu, tarehe 10 Februari, redio ikatangaza kwamba wametoroka. Tarehe 13 Februari Munongo, waziri wa mambo ya ndani, akawaita waandishi wa habari akasema Lumumba na wenzake wameuawa na wanakijiji. Kijiji gani? Hakitaji. Kaburi liko wapi? Hasemi. Akasema kijiji kitapewa zawadi yake. Na mtatushtaki kwamba tumewaua sisi, akasema, basi leteni ushahidi.

De Witte anaisimulia siku hiyo vizuri kabisa, anaonyesha Wabelgiji waliosaidia kupanga ule uongo. Lakini hasimami pale ambapo mtu wa Katanga angesimama. Wale mawaziri walikuwa na nafasi ya kumsingizia yeyote: walinzi, ONU (Umoja wa Mataifa), askari wa Kasai. Wakawachagua wanakijiji. Watu wasiojua kusoma gazeti litakaloandika kwamba wao ndio wauaji, wasio na mtu wa kuwatetea. Na Munongo hakuwa mtu wa kuokotwa, alikuwa wa ukoo wa M'siri mwenyewe, mfalme wa zamani wa huku, alijua kijiji ni nini na jina la kijiji lina uzito gani. Uongo ule haukuhitaji mshauri wa Kibelgiji. Ulihitaji mtu anayejua kwamba huko Ulaya, ukisema "wanakijiji wameua", watu wataamini bila kuuliza.

Hiyo ndiyo sura ninayoikosa kwenye kitabu. Mwandishi amekaa kwenye nyaraka, na nyaraka ziliandikwa na Wabelgiji, kwa hiyo Wabelgiji ndio wenye mawazo, wenye hofu, wenye kubadilika. Watu wetu wanatokea tu pale Mbelgiji anapowataja.

MWALIMU WA RUASHI

Naomba niongeze kitu, maana nafundisha vijana hawa. Ukitaka kuona Lubumbashi ilivyoukumbuka usiku ule, usiende kwenye vitabu kwanza, nenda kwenye picha za Tshibumba Kanda Matulu. Yule mchoraji alifanya kazi zake huku Katanga, na miaka ya 1973 na 1974 alichora historia nzima ya nchi kwa picha karibu 100. Lumumba wake ni kama Yesu: amelala chini pamoja na wenzake wawili, nyuma kuna misalaba mitatu. Na Tshibumba hakuogopa kuchora viongozi wa Katanga. Darasani kwangu nikionyesha picha ile, wanafunzi hawaulizi juu ya Brussels. Wanauliza nani wa hapa alikuwepo, na wengine wanaangaliana.

MUTOTO WA LIKASI

Wanaangaliana juu ya majina, mwalimu. Unajua. Kuna watoto wenye majina yale darasani.

MWALIMU WA RUASHI

Ninajua. Ndiyo maana siulizi majina siku hiyo.

MWANA WA KAMALONDO

Na hapo tumefika kwenye sababu ya watu kuipenda hadithi ya vibaraka. Inatuwezesha kukaa pamoja. Mjini tuna sanamu ya Tshombe, na tuna barabara ya Lumumba, na mtu anatoka moja kwenda nyingine bila kujiuliza. Mobutu naye alifanya hivyo hivyo: mwaka 1966 akamtangaza Lumumba shujaa wa taifa, yeye aliyemfunga na kumtuma. Na Kimba aliyesimama Shilatembo, mwaka huo huo alinyongwa Kinshasa hadharani na Mobutu, leo anakumbukwa kama mmoja wa mashahidi wa Pentekoste, wale wanne walionyongwa pamoja. Jaribu kumweleza mwanafunzi hayo mawili kwa sentensi moja.

Sisemi tuangushe sanamu ya mtu. Nasema mtu akisimama mbele ya sanamu ile ajue yule alikuwa na akili zake. Kumwita kibaraka ni kumpunguzia heshima na kumpunguzia kosa kwa pamoja.

MUKASAI WA BEL-AIR

Kuna kesi ile ya Brussels bado. Juni 2025 mwendesha mashtaka aliomba Étienne Davignon apelekwe mahakamani, alikuwa mwanadiplomasia kijana wakati wa kifo kile, na alipoombwa hivyo alikuwa mzee wa miaka 92. Mnaionaje? Mi naona wamengoja mpaka abaki mmoja.

MWANA WA KAMALONDO

Kwenye orodha ya familia walikuwa Wabelgiji 10, wengine wote wamekufa. Naunga mkono kesi, papa, kwa sababu bila kitabu hiki na bila ukaidi wa wale watoto isingekuwepo. Lakini angalia tena: mahakama ni yao, mshtakiwa ni wao, nyaraka ni zao. Huku kwetu hakuna hata jalada moja lililofunguliwa.

MUTOTO WA LIKASI

Yaya, bado siko na wewe, lakini nitakisoma. Njo kusema hivi: nikikuta Munongo anapewa amri na muzungu kwenye ukurasa wowote, narudi hapa.

YAYA MADO WA KATUBA

Na mimi naomba hiyo fotokopi zamu yangu ikifika. Macho yangu si ya zamani, nitaanzia wapi nisichoke?

MWANA WA KAMALONDO

@Mutoto wa Likasi, rudi na ukurasa wenyewe, nitakungoja.

Mama Mado, usianze mwanzo. Sehemu za kwanza ni za ONU na rais Kasa-Vubu, zina majina mengi na zitakulaza. Fungua pale ndege inapotoka Moanda, soma mpaka Munongo anapozungumza na waandishi tarehe 13 Februari. Hapo ukitaka rudi nyuma, ukitaka funga. Fotokopi iko kwa fundi wa redio karibu na soko la Kenya mpaka Jumamosi, baada yake ni yako. Ile mistari ya bik nyekundu usiifuate.